Risala ya Klabu ya Fedha na Uwekezaji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taaluma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu,
Walimu wetu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Tunajua majukumu yako ni mengi, kwa hiyo tutakwenda moja kwa moja kwenye jambo lililotufanya tuanzishe klabu hii.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwanafunzi wa sekondari anaweza kukokotoa riba inayozaa riba kwenye mtihani akapata alama zote, kisha akamaliza shule na kutia saini mkopo asioujua undani wake. Hesabu anaijua. Kinachomshinda ni kuitambua anapokutana nayo nje ya daftari.

Mmoja wetu alileta mkataba wa mkopo wa nyumbani kwao, majina yakiwa yamefutwa. Ukurasa wa kwanza, kwa herufi nene, ulisema riba ni asilimia 10 kwa mwaka. Mkopo 12,000, marejesho 1,100 kila mwezi kwa miezi 12, jumla 13,200. Wengi tukaona hesabu imekaa sawa. Ndipo mwenzetu mmoja akauliza: kufikia mwezi wa sita mkopaji amekwisha kurudisha karibu nusu ya deni, mbona bado anatozwa riba ya 12,000 nzima? Tulipopiga hesabu upya kwa salio linalopungua, riba ikatoka karibu asilimia 18 kwa mwaka. Mkataba haukusema uongo. Chini ya ukurasa wa pili, kwa maandishi madogo, ilielezwa kwamba riba inatozwa juu ya mkopo wa awali hadi rejesho la mwisho.

Tangu siku hiyo, kila ahadi ya fedha tunaipitisha kwenye kalamu kwanza. Kwa mfano, methali ya haba na haba tumefundishwa tangu tukiwa wadogo, lakini hatukuambiwa kwamba kibaba chenyewe kinavuja. Kinavuja kwa mfumuko wa bei: bei zikipanda asilimia 5 kila mwaka, fedha iliyofichwa kabatini hupoteza nusu ya nguvu yake ya kununua katika miaka 14 hivi. Kinavuja pia kwa ada, na hapa ndipo tulipokaa muda mrefu zaidi. Chukua 10,000 iliyowekezwa kwa faida ya asilimia 8 kwa mwaka. Baada ya miaka 40 inafika takriban 217,000. Mfuko wa uwekezaji unaokutunzia fedha hiyo ukitoza ada ya asilimia 2 kila mwaka, unabaki na takriban 103,000. Sasa ondoa ada hiyo, lakini mwekezaji achelewe kuanza kwa miaka 10: anapata takriban 101,000. Kwa maneno mengine, ada ndogo ya asilimia 2 inakula karibu sawasawa na miaka 10 ya kuchelewa. Wapo waliokataa kuamini mpaka walipokokotoa wenyewe.

Bila shaka faida ya asilimia 8 haiji kila mwaka kama mshahara. Hisa ni umiliki wa sehemu ya kampuni, na bei yake hupanda na kushuka. Hatifungani ni mkopo unaoipa serikali au kampuni. Kwa kawaida hutikisika kidogo, na hulipa kidogo. Anayenunua hisa za kampuni moja amefunga hatima yake kwa kampuni hiyo, ndiyo maana tunapendelea mifuko ya pamoja inayomiliki hisa za kampuni nyingi kwa mpigo. Mwaka 1976 John Bogle wa Marekani alipowafungulia watu wa kawaida mfuko unaofuata tu wastani wa soko, kwa gharama ndogo, wenzake walimcheka. Leo mifuko ya aina hiyo imeenea duniani. Kwa wenzetu ambao imani yao hairuhusu riba, zipo sukuk, yaani hati za uwekezaji zisizo na riba zinazofuata sheria ya Kiislamu, na hisa za biashara zilizo halali kidini, na klabu yetu inazijadili vilevile.

Kuhusu utapeli, Mheshimiwa, tunatumia hesabu ileile. Mwaka 1920, mjini Boston, Charles Ponzi aliahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45. Ukiizungusha mwaka mzima, fedha inazaa zaidi ya mara 25. Hakuna biashara ya halali inayoweza kuahidi hivyo. Wa mwanzo walilipwa kwa fedha za waliofuata. Lakini Bernard Madoff, tapeli wa Marekani aliyekamatwa mwaka 2008, hakuahidi maajabu. Faida yake ilikuwa ya wastani, ila haikuyumba karibu kamwe, na hilo nalo lilipaswa kuwashtua watu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto zetu ni chache. Wengi wetu hatujafikisha miaka 18, hivyo tunafanya mazoezi kwa hisa za kuigiza kwenye karatasi, na mtu hajui moyo wake utafanya nini mpaka iwe fedha yake inayoshuka. Kompyuta nazo hazitoshi.

Maombi yetu ni haya. Utusaidie kupata mikataba halisi ya mikopo, hati za mishahara na ripoti za mifuko ya uwekezaji, zikiwa zimeondolewa majina, ili walimu wa hisabati wazitumie darasani badala ya mifano ya kubuni. Utuunganishe na wataalamu wa benki na soko la hisa waje kuzungumza nasi, ila tunaomba waje bila fomu za kufungulia akaunti. Na kama itakupendeza, utuongezee kompyuta mbili za kukokotolea.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wanachama wa Klabu ya Fedha na Uwekezaji.