Barua kwa mwanangu: lile jibu la kwenye simu nalifuta

Mama yangu,

Marahaba, maana najua ukianza tu kusoma hapa shikamoo ishakutoka. Sisi huku wazima, mdogo wako kikohozi kimeisha, mama yako anakusalimia sana na ashalala. Mi nimekaa hapa kibarazani naandika kwenye simu, afu nitamrushia mjomba wako huko Kondoa aiprinti pale steshenari akuletee Jumapili, manake zile dakika tano za simu ya matroni hazitoshi kwa ninachotaka kusema, na ile ya mwezi wa tano nilikujibu haraka haraka na nikakujibu vibaya.

Uliniuliza, baba, Form Three naendelea na Art au niache. Nikakwambia acha, kazania Kemia na Hesabu, Art haina kazi. Ukasema "sawa baba". Basi. Ulivyokuja likizo ya mwezi wa sita hukuniuliza tena na mimi nikanyamaza, lakini ile "sawa baba" yako mwanangu naisikia mpaka leo, ilikuwa ndogo sana, haikuwa sauti yako.

Kwanza nikwambie ilikotoka. We umezaliwa umenikuta nachora mabango, saluni, gereji, duka la dawa, vioo vya daladala, unajua mwenyewe mezani kwetu chakula kilitoka wapi. Ila hukuwahi kuniona wakati kazi ilivyokuwa kazi. Nilikuwa na vijana wawili, wiki nzima tunapanga foleni ya wateja, tunapiga uzi wa chokaa ukutani, tunagawa viboksi, herufi zinasimama mpaka mtu anapita anashika kwa kidole kuhakikisha ni kazi ya mkono. Afu zikaja mashine za kuprinti mabango, mtu anapeleka picha asubuhi mchana anaondoka na bango lake limekunjwa, na bei chini. Wale vijana mmoja anaendesha bodaboda, mwingine karudi Lindi. Mimi nimebaki na kuta tu, na kuta zenyewe si za kila siku. Kwa hiyo ulivyosema Art mi nikaona wewe, miaka 20 mbele, umekaa na brashi na hakuna anayekuja. Ni woga mama. Haukuwa ushauri, ulikuwa woga wangu nikakupa wewe ubebe.

Sasa nikwambie kilichonibadilisha, na ni wewe mwenyewe.

Siku ya pili ya likizo ulitoa kwenye begi vile vifuko vya nailoni, mama yako akadhani umeleta ulezi. Kumbe udongo! Mwekundu, wa njano, mweupe kama unga, na ule wa rangi ya maini. Ukaniambia mmeuchota kwenye makorongo njia ya kwenda Kolo, madam wenu wa Art kawapeleka kuona michoro ya mapangoni kwanza, ndo mkirudi mchimbe. Nakumbuka nilikwambia tu "haya", nikaendelea na simu yangu. Nisamehe kwa hiyo haya.

Manake ulivyoanza kuhadithia jioni kwa mdogo wako mi nilikuwa nasikiliza ukutani. Ulimwambia mmepanda mlima mpaka lile pango la Mungomi wa Kolo, mkakuta wale watu wembamba warefu wamechorwa kwa wekundu, vichwa vimetuna kama nywele zimesukwa kuzunguka, na yule wa katikati anavutwa mikono huku na huku. Kwamba watu bado wanaenda kutambika pale mpaka leo. Kwamba madam hakuwaruhusu kupiga picha saa nzima ya mwanzo, kila mtu achague mchoro mmoja akae mbele yake na penseli. Na ukasema kitu ambacho mimi na miaka yangu yote kwenye hii kazi sikuwahi kukifikiria, kwamba ulikaa ukagundua ule mguu wa yule mtu umepigwa kwa mstari mmoja tu, mchoraji hakurudia, ukajaribu kuuiga kwenye kaunta buku mara 11 na kila mara unarudia rudia mstari, mpaka ukaacha kutazama karatasi ukawa unatazama mwamba tu, ndo ukatoka.

Mwanangu, mi nachora nywele za saluni kwa kuangalia kalenda. Kalenda ya mwaka juzi. Sijamkalisha mtu mbele yangu nikamchora tangu nilivyokuwa kijana.

Haya, afu ule udongo. Ulikaa hapa hapa nilipokaa mimi sasa hivi, ukachukua kipande cha taili, ukamwaga udongo kijiko kimoja na maji kidogo, ukasaga kwa kitako cha chupa, unazungusha, unazungusha, unakusanya na kisu, unazungusha tena. Nusu saa. Ukauchuja kwa kipande cha kanga ya bibi yako. Afu ukavunja yai. Ile ya yai nakiri niliinuka kuja kutazama karibu, jinsi ulivyoupokea ute wa njano mkononi ukawa unauhamisha kiganja hiki kwenda kile, unajifuta, unauhamisha tena mpaka ukakauka ukakaa kama kitu kilichovaa ngozi, ukaushika ile ngozi kwa vidole viwili, ukautoboa na mwiba ukadondokea kwenye kikombe, ngozi ikabaki mkononi ukaitupa. Mikono yako ilikuwa haitetemeki kabisa. Mama yako analalamika yai lake mi nimesimama pale nimeduwaa.

Na mswaki! Umetafuna kijiti cha mswaki mpaka kimekuwa brashi, mimi nina brashi 14 kwenye lile kopo na hukuomba hata moja.

Nikakwambia hiyo haitashika, mvua moja tu. Ukanijibu kwa adabu zako kwamba darasani mmejaribu vinne, kila kundi lilipewa kitu chake cha kushikiza, yai, gundi ya mgunga, maziwa na mafuta ya alizeti, na mkaandika kila siku kinachotokea. Ya maziwa ilinuka mkaitoa nje. Ya alizeti ilikaa wiki nzima inanata na karatasi imelowa kama iliyofungiwa chapati. Ya mgunga ilikuwa nzuri inang'aa ila ukiipaka nene inapasuka. Ya yai ilikauka mbele ya macho yenu. Kesho yake nilichukua ukucha nikaikwangua ile yako pale kwenye ubao, haukutoka kitu. Siku ya tatu nikajaribu tena, ngumu zaidi. Hukuniona.

Lakini kilichonikaa ni ile habari ya kikaango. Nairudia hapa nione kama nimeielewa sawa. Kwamba yule kijana wa kundi lenu udongo wake wa njano ulikuwa mbichi, akaona kipindi kinaisha, akauweka kwenye kikaango juu ya jiko la mkaa ili ukauke haraka, akasahau, mkarudi mkakuta umekuwa mwekundu. Mwekundu kweli, kama ule wa mapangoni. Darasa zima mkaacha mlichokuwa mnafanya. Na madam, Mungu ambariki huyo mama, hakumgombeza mtoto wa watu kwa kuharibu, alisema tuwekeni mwingine na safari hii mtu ashike saa. Mkawa mnatoa kijiko kila baada ya dakika kadhaa, mnapanga kwenye karatasi, njano, njano iliyoiva, rangi ya machungwa, kahawia, mwekundu. Udongo mmoja, rangi tano. Afu mwalimu wa Kemia akaitwa kuwaeleza kwamba ule wa njano ni kutu ya chuma yenye maji ndani yake, moto ukiyafukuza yale maji rangi inageuka.

Mimi nilikwambia acha Art ukazanie Kemia. Na Kemia yenyewe umeikuta juu ya kikaango kwenye kipindi cha Art.

Tena nikajiuliza hao wazee waliochora huko Kolo, maelfu ya miaka iliyopita, nani aliwaambia? Mmoja wao lazima alikaa karibu na moto akaona udongo unageuka, akashangaa kama nyinyi mlivyoshangaa. Nilisoma kwamba kule Kondoa kuna mapango zaidi ya 150 yenye michoro na UNESCO waliyaingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, na kwamba yule mama mtafiti wa mambo ya kale, Mary Leakey, alipita huko mwaka 1951 akinakili moja moja. Babu yako mzaa mama nilimpigia kumuuliza, yeye anachokumbuka ni makorongo tu, na ng'ombe walivyoondolewa mwaka 1979 wakati wa HADO, ule mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ili ardhi ipone. Alicheka sana kusikia mnachora kwa udongo, akasema bibi zake walisiriba nyumba kwa huo huo, na kila mwanamke alijua korongo lake lenye rangi yake.

Sasa sikiliza nilichofanya ulivyoondoka, manake hii hujui. Nilichukua ubao mmoja, nikapaka mistari miwili. Mmoja ile nyekundu yangu ya dukani, ya kopo dogo, ninayotumia kila siku. Mwingine nyekundu yako, kile kikombe ulichobakiza, nilikiongezea yai mwenyewe kama ulivyofanya (la kwanza nililipasua, la pili likakubali). Nikabandika solotepu nyeusi nusu ya kila mstari, nikauegemeza ukutani upande wa jua la mchana, chini ya bati mvua isifike. Tangu mwishoni mwa mwezi wa sita. Jana nikabandua.

Ya dukani, ule mpaka wa solotepu unauona kabisa, iliyofunikwa nyekundu, iliyopigwa jua imeshaanza kwenda kwenye pinki, yaani umekatwa kama kwa rula. Ya kwako nilitafuta huo mpaka, sikuuona. Nikamwita mama yako na macho yake mazuri, naye hakuuona, ikabidi tutafute alama ya gundi ya solotepu ndo tujue iliishia wapi.

Unajua nimegombana na wateja wangapi kwa hiyo nyekundu? Kuna mmoja wa saluni alinizuilia nusu ya hela kwa sababu midomo ya yule dada ukutani ilikuwa imepauka kabla mwaka haujaisha, akaniambia mimi nachakachua rangi. Nilimwapia sijachakachua na ni kweli sikuchakachua. Miaka yote hiyo sikuwahi kufanya jaribio la solotepu. Nalaumu kopo, nabadilisha duka. Wewe una miaka 15 umenifundisha kuuliza rangi yenyewe.

Na usidhani naidharau rangi ya mafuta, ndiyo iliyokulea. Yule mzee Tingatinga aliyetoka Tunduru alianza mwaka 1968 na hiyo hiyo, ya kupakia baiskeli, kwenye siling bodi, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa vinapatikana na bei anaiweza, na alifariki mwaka 1972, miaka minne tu ya kuchora, na leo jina lake ndiyo jina la ule uchoraji. Alichukua kilichokuwa karibu naye akakisumbua mpaka kikatoa kitu. Nyinyi mmechukua korongo.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, na lile la kwenye simu nalifuta. Endelea na Art. Nimeshaongea na mama yako, yeye alikuwa upande wako tangu zamani anasema nilikuwa nachelewa. Kemia usiiache pia, sikwambii hivyo kwa kukubana, nakwambia kwa sababu nimeona zinakaa kwenye kikaango kimoja. Mtihani wa Form Two uko mbele, soma kwa utulivu, ukifaulu ukijaza zile fomu za masomo ya Form Three jaza Art kwa mkono wako, wakihitaji sahihi ya mzazi mjomba anipigie nitapanda basi nije kuweka mwenyewe.

Kuhusu kazi, sijui kesho italeta nini na sitakudanganya. Ninachojua yule aliyekaa mbele ya mwamba akarudia mguu mara 11 simuogopei kama nilivyokuwa namuogopea.

Huu ubao naukata katikati, nusu nautuma na basi la kesho kwa mjomba, nimeufunga kwa magazeti, muoneshe madam na umsalimie sana. Mwambie baba yangu ni fundi mabango anauliza kama na ya njano inastahimili jua hivi hivi, mkijaribu mniandikie. Ndani ya huo mzigo kuna brashi zangu tatu za nywele laini, zile ndogo za kumalizia kope, usizioshe kwa tina zitakufa, sabuni ya kipande na maji tu. Kuna vipande vitatu vya taili vyenye mgongo wa kusagia, na chokaa safi kwenye kopo la blue band, funika vizuri, isikuingie machoni.

Na ukija mwezi wa kumi na mbili niletee udongo wa njano, hata nusu kilo, usiuchome. Nataka niuchome mwenyewe hapa tukiwa wote, wewe ushike saa. Mama yako amekataa kikaango chake, nimeshanunua changu.

Baba yako
Mbagala