Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Assalaam aleykum, Bwana asifiwe.

Hesabu za umoja mtasomewa na mweka hazina. Langu hapo ni kuwashukuru waliomaliza ada zao katika mwaka mgumu. Nafasi yangu nitaitumia kwa jambo lililochukua muda mwingi wa vikao vyetu: wageni wanaofanya biashara nasi hapa sokoni Kariakoo.

Julai 2025 Wizara ya Viwanda na Biashara ilitoa amri inayowakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo kuuza jumla na rejareja, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi simu na saluni. Mgeni akipatikana na hatia, faini ni kuanzia shilingi milioni 10. Mtanzania anayemsaidia, milioni 5. Habari zilipotufikia tulipongezana, mimi nikiwemo. Tuliipigania kwa muda mrefu na sijutii.

Kabla ya kuandika taarifa hii nilimwomba katibu madaftari ya mihtasari ya miaka ya nyuma, nikakaa nayo jioni tatu. Niliyoyasoma yamenisumbua. Katika vikao vya miaka ambayo mzigo ulikuwa unatoka, mgeni anatajwa kama mtu wa heri: amemlipa mwenzetu kodi ya fremu ya mwaka mzima kwa mkupuo, ameshusha kontena kwa bei inayomwokolea mtu nauli ya Guangzhou, China. Ukifika 2023, dola ilipoadimika na wateja wa mikoani wakapunguza oda, mtu yule yule, kwenye fremu ile ile, ameshakuwa mvamizi. Hakuna ukurasa unaosema wageni waliongezeka kati ya kikao na kikao. Kilichobadilika ni mauzo yetu.

Sisemi malalamiko yale yalikuwa ya uongo. Mwenye kiwanda kwao akija kuuza kipande kimoja kimoja Mtaa wa Aggrey, hakuna mwenye duka hapa atakayeiweza bei yake, na hilo amri imeligusa barabara. Lakini kodi za fremu zimepandishwa na wenye nyumba, Watanzania wenzetu. Vilemba, pesa za kupatiwa fremu, wanavila madalali, Watanzania wenzetu. Mgomo wetu wa Mei 2023 kiini chake kilikuwa kodi za serikali na kamatakamata. Na zipo leseni zilizokuwa zikitumiwa na wageni huku zikiwa na majina ya wenyeji. Nalisema hili kwa uchungu, maana baadhi ya majina hayo tunayajua.

Wenzetu wa Afrika Magharibi walishaipita njia hii. Mwaka 1969, Ghana ikiwa imeelemewa na madeni, serikali ya Kofi Busia iliwapa wageni wasio na vibali wiki mbili waondoke, na wengi walikuwa Wanigeria waliokuwa wakifanya biashara sokoni. Miaka ya 1970 mafuta yakaitajirisha Nigeria, Waghana wakamiminika huko wakafundisha shule na kujenga majumba. Mapato ya mafuta yalipoporomoka, Januari 1983 ikawa zamu yao kutimuliwa, wakafungasha nguo kwenye lile begi la mirabamiraba tunaloliuza hapa kwa jina la shangazi kaja. Huko Nigeria begi hilo lina jina la Kiingereza, Ghana Must Go, maana yake Waghana lazima waondoke. Na uchumi haukupona. Busia alipinduliwa Januari 1972, siku chache baada ya kushusha thamani ya sedi, pesa ya Ghana, na serikali ya Nigeria ikapinduliwa siku ya mwisho ya mwaka ule ule wa 1983.

Septemba alinipigia mama mmoja wa Lubumbashi, mteja wetu wa miaka mingi, akauliza kama bado anaruhusiwa kuingia Kariakoo. Kijana mmoja pale mtaani alikuwa amemwambia wageni wamefukuzwa. Nilimweleza kwamba amri inamhusu muuzaji, si mnunuzi. Alikuja, ila aliingia madukani akiwa na wasiwasi, na mzigo uliofuata akaununua kwingine. Ndugu zangu, mzigo wetu wa jumla unatolewa na watu wa Kongo, Zambia, Malawi na Komoro. Ukilitamka neno mgeni kwa hasira, mteja naye analisikia. Na wapo miongoni mwetu wenye watoto wanaouza maduka Lubumbashi na Johannesburg, ambako wageni ni wao.

Kwa hiyo kamati imekubaliana kwamba malalamiko dhidi ya mgeni yaje na mahali fremu ilipo, aina ya biashara na bei anayouzia, nasi tutayafikisha kunakohusika. Asiyekuwa na hayo tutamsikiliza pia, lakini tutaanza kwa kumuuliza kodi ya fremu anayolipa na mzigo uliomlalia dukani. Tumeandika pia rasimu ya barua ya kuwaomba wenye nyumba wa mitaa yetu tukae nao kuhusu kodi za 2026. Katibu ataisoma kabla ya chakula, nanyi muirekebishe.