Usikimbie na Bobi, mtembeze tu

Neema mambo,

Nimeona picha za Bobi, jamani amenenepa! Umesema unataka uanze kukimbia naye asubuhi ili apungue, nakuomba sana kabla hujaanza unisikilize, maana hawa pug na wenzao wenye sura bapa mazoezi yao sio kama ya mbwa wengine.

Mbwa hatoki jasho kama sisi, joto analitoa kwa kuhema. Sasa wa kwako matundu ya pua yamebana, halafu kule ndani ile nyama laini ya kaakaa ni ndefu inaziba njia ya hewa, kwa hiyo akipata joto anahema kwa nguvu, akihema kwa nguvu koo linavimba, hewa inapungua na joto ndo linazidi kupanda. Kawaida mbwa yuko kwenye nyuzi 38 hadi 39, akifika 41 hapo ni hatari, anaweza kufa kabisa.

Kwa hiyo kukimbia hapana. Mtembeze mwendo wa polepole dakika 15 hadi 20, alfajiri na jioni, apumzike kila akitaka. Na usiangalie jua tu, siku ya mawingu yenye unyevunyevu ni mbaya vilevile kwa sababu kuhema kunakuwa hakumsaidii, siku hiyo chezeni ndani. Mkanda wa shingoni toa, tafuta ule unaopita kifuani, koo lake tayari lina shida za kutosha.

Kubwa kuliko yote msikilize pumzi. Ule mkoromo wake wa kila siku unaujua, sasa ukibadilika ukawa mkali wa kukwaruza, ulimi umetoka wote umetanuka kwenye ncha, mate mazito yanavutika, simama hapohapo umpeleke kivulini. Usisubiri agome mwenyewe, atakufuata tu hata pumzi imekata, ndo walivyo na inaniuma sana nikiona mtu anamvuta mbwa yuko hali hiyo. Ukiona fizi zimekuwa za bluu au anayumba, mmwagie maji ya baridi mwilini, sio usoni, mpepee, na mkimbize kwa daktari wa mifugo hata kama anaonekana amepata nafuu.

Kupungua kwenyewe kutatokea kwenye bakuli zaidi kuliko barabarani. Pug wengi wanatakiwa wawe kilo 6 hadi 8 hivi, na mafuta yakijaa shingoni yanambana hewa zaidi, kwa hiyo pima chakula chake na vile vitu unavyomrushia mezani acha kabisa shoga yangu.

Mkienda kumpima uzito mwombe daktari amwangalie na pua, kuna wengine wanafanyiwa operesheni ya kupanua matundu na wanapumua vizuri sana baadaye. Halafu nitumie video mbili, moja akiwa amelala na nyingine mkitoka kutembea, nataka nisikie anavyohema.

Wako,
Rehema