Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama, wazazi na walezi wenzangu wa vijana marubani hapa Tanga,

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo.

Mahesabu atayasoma mweka hazina, naye ameniomba nisimwibie kazi yake. Itoshe kusema kwamba ada zimekusanywa vizuri kuliko mwaka jana, isipokuwa upande wa Raskazone, na wenyewe wanajijua. Wenzetu wapya wa Muheza na Pangani, karibuni sana.

Niingie kwenye jambo lililowafanya wengi wenu mnipigie simu usiku. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya kampuni zisizoruhusiwa kuruka kwenye anga yake. Juni 2025 ukaziongeza kampuni zote za ndege zilizothibitishwa hapa nchini. Simu zilikuwa na swali moja: je, leseni ya mwanangu sasa ni karatasi tu? Hapana. Orodha ile inahusu kampuni na usimamizi wake, haifuti leseni ya rubani. Sababu walizotoa ni upungufu wa wataalamu wenye sifa kwenye mamlaka ya usimamizi, ukaguzi usiotosheleza wa uendeshaji na ubora wa ndege, na kutofuatwa kwa viwango vya kimataifa. Kwa maneno mengine, wanaonyooshewa kidole ni wakaguzi kabla ya marubani.

Hata hivyo tusijifariji kupita kiasi. Vijana wetu wengi huanzia kazi kwenye Caravan, ndege ndogo za watalii, zinazotua kwenye viwanja vya nyasi mbugani au kuvuka kwenda Pemba na Unguja kama hizi tunazoziona hapa uwanjani kwetu. Wakala wa utalii wa Ulaya anatakiwa kumweleza mteja atapanda ndege ya kampuni gani. Mteja akisita, safari inapungua, na nafasi ya kijana wako inapungua nayo. Katika hili nasema bila kumung'unya maneno: serikali iwalipe wakaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga mishahara ya kuwafanya wabaki. Mkaguzi mzuri anajua thamani yake, na kampuni za ndege zinaijua pia.

Sasa letu wenyewe. Mfuko wetu wa kusaidiana umekuwa ukitumika zaidi kuwanunulia vijana saa za kuruka. Nauelewa uchungu wake. Mtoto amemaliza Afrika Kusini au Kenya, ana leseni ya urubani wa biashara na saa zake 200 hivi za kuruka, shamba limeshauzwa, na kila kampuni anayobisha hodi inamwambia alete saa zaidi. Kwa hiyo tunamlipia akodi kandege kadogo azunguke, aongeze namba kwenye kitabu chake. Mimi naona fedha hiyo inapotea, na naomba mnisikilize kabla ya kunizomea.

Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, wakafa watu 50. Mwendo ulikuwa umepungua mno, usukani ukaanza kutikisika kama ulivyoundwa, kumwonya rubani ashushe pua ya ndege. Rubani mkuu akauvuta, akainua pua. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kuvuka nchi ili awahi zamu. Baada ya hapo Marekani ikaweka sheria kwamba hata rubani msaidizi wa shirika la abiria awe na saa 1,500, au pungufu kwa wanaopitia vyuo fulani na jeshini. Lakini marubani wale wawili walikuwa wameshavuka hizo 1,500, tena kwa mbali! Kilichokosekana hakikuwa namba.

Juni mwaka huohuo ikaja ya Air France, kutoka Rio de Janeiro kwenda Paris. Vibomba vya kupimia mwendo viliziba kwa barafu, mtambo wa kujiendesha ukajitoa, ndege ikabaki mikononi mwa watu. Rubani msaidizi akainua pua na kuendelea kuinua, mbawa zikaacha kubebwa na hewa, na katika muda usiofika dakika tano ndege ikaanguka kutoka juu ya futi 35,000 hadi baharini. Watu 228. Wachunguzi waligundua kuwa marubani hawakuwa wamefunzwa kuiendesha kwa mkono kwenye kimo kile huku vipimo vya mwendo vikiwadanganya.

Anayezunguka na baiskeli Ngamiani miaka kumi hajajifunza kushusha basi kwenye kona za Lushoto. Saa za kuzunguka peke yako juu ya uwanja uleule, siku ya jua, ni kama hiyo baiskeli.

Kuna jingine linalotuhusu zaidi sisi, kwa jinsi tunavyolea. Tenerife, kisiwa cha Hispania, Machi 1977, ndege mbili kubwa ziligongana kwenye ukungu, wakafa watu 583. Nahodha wa KLM, shirika la Uholanzi, aliyekuwa mkufunzi mkuu wa kampuni yake kwa ndege za aina ile, alianza kuondoka ili aruke huku ndege ya Pan Am, ya Marekani, ikiwa bado kwenye njia ileile ya kurukia. Fundi wa ndege aliyekuwa naye chumba cha marubani alimuuliza kama mwenzao ameshatoka. Nahodha akajibu kwa mkato kwamba ametoka, na hakuna aliyebisha tena. Miaka michache baadaye mashirika yakaanza kuwafundisha marubani kusemezana, mdogo aruhusiwe kumpinga mkubwa, na mkubwa azoee kupingwa.

Watoto wetu tumewafundisha shikamoo, na wasimkatishe mzee kauli. Sisemi tuache. Nasema kijana wa Makorora akikaa kiti cha kulia pembeni ya kapteni wa rika la babu yake, atahitaji mtu amfunze jinsi ya kusema “kapteni, tupo chini mno, tuinuke” bila kujiona amekosa adabu. Heshima hiyo ya pili haifunzwi nyumbani.

Napendekeza basi mfuko ulipie mambo mawili tu: kozi ya kufanya kazi marubani wawili kwenye chumba kimoja, na kozi ya kuinasua ndege iliyopoteza mkao wake angani, sehemu kwenye mashine ya kuigiza urukaji na sehemu angani na mkufunzi. Baadhi yenu mmeniambia kwamba waajiri bado wanahesabu saa. Ni kweli, na wataendelea. Lakini usaili wa kampuni kubwa unamweka kijana ndani ya ile mashine, na humo kitabu cha saa hakimsaidii.

Mengineyo kwa ufupi. Kabla hujalipa ada ya chuo, mpeleke mtoto kwa daktari aliyeidhinishwa kupima afya ya marubani ya daraja la kwanza, maana macho yanayochanganya rangi yanaweza kumzuia asipate leseni ya biashara. Pia, kwa kukumbuka Bukoba, Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoanguka Ziwa Victoria wakafa watu 19 kati ya 43 na wavuvi wakawa wa kwanza kuifikia ndege, tuliandika barua kuuliza ni boti zipi za uokoaji zimeandaliwa kwa njia ya Tanga na Pemba. Hatujajibiwa. Tutaandika tena.

Pendekezo la mfuko litapigiwa kura baada ya chai. Likipita, fedha italipwa moja kwa moja chuoni, haitapita mkononi mwa mzazi yeyote, nikiwemo mimi.

Mwenyekiti,
Tanga