Ngazi za Namirembe

Kibuli, Kampala
Jumapili jioni

Swahiba Athumani,

Salaam aleikum. Huku sote wazima isipokuwa goti langu la kulia, na hilo ndilo lililonikalisha chini nikuandikie. Uliniuliza kama nimeshaijua Kampala. Naijua kwa miguu. Jumamosi tatu sasa napanda na kuteremka ngazi za nje, zile za watu wote, zilizobanwa katikati ya kuta za majirani upande wa Namirembe na Mengo. Barabara huku huzunguka kilima. Ngazi hukikata katikati. Bodaboda hafiki, kwa hiyo hazipendi.

Iliyonikamata iko chini ya kanisa kuu la Namirembe, lile la matofali mekundu lililomalizika 1919. Vidaraja 87, nimehesabu mara mbili. Vya chini ni vya mawe, vimelika katikati kama kiti cha mbuzi ya kukunia nazi. Ukikanyaga, mguu unajiingiza wenyewe palepale walipokanyaga wenzako.

Huko juu sasa, kuna mtu kapiga saruji mpya juu ya ile mbovu. Nikagonga kwa ufunguo: ngo, ngo. Tupu! Wewe fundi mwenzangu sina haja ya kukueleza. Ugonjwa si kidaraja, ni maji. Mfereji wa pembeni umeziba kwa chupa za plastiki na maganda ya matoke, basi mvua ikishuka, ngazi ndiyo inakuwa mfereji. Maji yanachota ule udongo mwekundu chini kwa chini, saruji inabaki inaelea. Na huyo bwana na lipu yake kaacha kidaraja kimoja kimepanda vidole vitatu kuliko wenzake. Mguu ukishazoea kimo hautazami tena. Hapo ndipo goti lilipokwenda.

Nyuma yangu alikuwa anapanda mama mmoja na kapu la ndizi kichwani. Alipofika pale aliinua mguu juu zaidi, macho mbele, kapu halikutikisika. "Pole, ssebo," akaniambia, yaani bwana kwa Kiganda, kisha akaongeza kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Hiyo inakula wageni."

Ng'ambo ya bonde, Old Kampala, watalii wanalipa kupanda mnara wa Msikiti wa Taifa, ule uliofunguliwa rasmi 2008. Ngazi 304. Nimepanda, unaona vilima vyote, sikatai. Ila zile hazibebi ndizi za mtu.

Mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, amesema tukipata mifuko miwili ya saruji, vijana watatoa nguvu. Nikamwambia saruji ingoje, tuzibue mfereji kwanza. Kanitazama kama mtu anayekwepa kazi. Ukija Desemba njoo na pima maji yako, labda wewe atakusikiliza, una mvi.

Nisalimie shemeji na watoto.

Nduguyo,
Rajabu