Shukrani kwa mzee wa mkesha wa soul

Mzee wangu, jina lako sikulipata, ila shukrani zangu zikufikie popote ulipo.

Usiku ule wa soul, muziki wa Wamarekani weusi, pale mjini Wigan, Uingereza, nilisahau mfuko wangu chini ya kiti. Ndani mlikuwa na santuri moja tu ya inchi 7, kutoka Detroit, Marekani, niliyoidundulizia pesa miezi minane. Ni ule muziki ambao Marekani ya miaka ya 1960 haikuununua, vijana wa kaskazini mwa Uingereza wakaupenda hadi kukesha nao ukumbini Wigan Casino, kuanzia 1973 hadi ulipofungwa 1981. Nawe ulikuwa mmoja wao, uliniambia.

Ulinifuata hadi kituo cha treni alfajiri, baridi kali, viatu vyako bado vyeupe kwa ile poda inayomwagwa sakafuni ili mguu uteleze. Ukaitoa santuri, ukaishika kingoni tu, ukaigeuza kwenye mwanga wa taa. Haina mkwaruzo hata mmoja. Kisha ukaivua bahasha yake iliyochanika, ukaivika ya kwako. Ninayo mpaka leo.

Nilitaka kukulipa nauli ya teksi, ukakataa katakata. Mimi mtoto wa Tanga, mgeni kule, ukanichukulia kama mwanao. Asante sana, mzee wangu. Mungu akuzidishie afya, na tukikutana tena chai ni juu yangu.