Mdogo wangu, panda meli kwa jina lililo kwenye pasipoti

Mdogo wangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho na furaha yako nimeisikia. Fungate ya melini, kutoka Miami kwenda Nassau (Bahamas) na Cozumel (Mexico) kisha kurudi Miami: mmeichagua vizuri. Ila kuna sentensi moja uliipita haraka, nayo ndiyo iliyonikalisha niandike. Umesema shemeji ameshakata tiketi, na jina lako ameliandika kwa ukoo wake. Pasipoti yako ya Marekani bado ina jina la baba. Nakuandikia hadharani kwa sababu maharusi wengi wanalikuta jambo hili wakiwa wameshafunga mabegi.

La kwanza ujue hili: hulazimiki kubadili jina kabla ya safari. Kuolewa hakuifuti pasipoti yako. Inabaki halali kwa jina la awali mpaka tarehe ya mwisho iliyoandikwa ndani yake. Kinachotakiwa bandarini ni tiketi na hati ya kusafiria zizungumze jina moja. Kwa hiyo cha kurekebisha sasa ni tiketi, pasipoti iache ilivyo.

Najua hilo si jibu ulilolitaka. Umelisubiri jina hilo kwa hamu, na shemeji naye angefurahi kuliona kwenye kadi ya chumba. Lakini fikiria pasipoti inavyobadilishwa. Kama ilitolewa chini ya mwaka mmoja uliopita, na jina nalo limebadilika ndani ya mwaka mmoja, unajaza fomu DS-5504 na hulipi ada ya pasipoti. Kama imeshapita mwaka, unajaza DS-82 na kulipa dola 130. Kwa njia zote mbili unatuma pasipoti yenyewe kwa posta pamoja na cheti cha ndoa kilichothibitishwa. Tangu siku hiyo mkononi huna kitu. Utaratibu wa kawaida unachukua wiki 4 hadi 6, na siku za posta, kwenda na kurudi, hazimo katika hesabu hiyo. Ukiongeza dola 60 unaharakishiwa, lakini hata hapo utakuwa unaishi kwa kuchungulia sanduku la barua huku tarehe ya meli ikisogea. Kwa nini ujitie presha hiyo? Rudini kwanza, halafu anza kubadilisha kwa utulivu: Social Security (ofisi ya hifadhi ya jamii ya Marekani), kisha leseni ya udereva, kisha pasipoti. Social Security ndiyo inayotangulia kwa sababu ofisi za leseni hulinganisha jina lako na kumbukumbu za huko.

Sasa tiketi. Kama ilikatwa kwa wakala, ni wakala anayepaswa kuirekebisha. Ukipiga simu kwa kampuni ya meli utarudishwa kwake. Waambie wazi kwamba abiria ni yule yule, tarehe ya kuzaliwa ni ile ile, kilichokosewa ni jina la ukoo tu. Lisemeni mapema, maana jina likibadilika lote siku za mwisho huonekana kama abiria mmoja ametolewa na mwingine kuingizwa, na hapo maswali huwa mengi. Baada ya marekebisho, usiridhike na neno la simuni. Fungua uthibitisho mpya na uweke pasipoti pembeni. Soma herufi kwa herufi: jina la kwanza, la kati, la ukoo, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti.

Ukifika kwenye ukurasa wenye picha, tazama mistari miwili ya chini, ile yenye alama za < < <. Hiyo ndiyo inayosomwa na mashine. Nakuonyesha hilo kwa ajili ya rafiki yako aliyeunganisha ukoo wa baba na wa mume kwa kistari: mistari ile haina kistari wala ritifaa. Kistari kinageuka kuwa alama ya <, na ritifaa inaondolewa kabisa. Tiketi ikimwandika bila kistari, hilo peke yake lisimnyime usingizi. La kumtia wasiwasi ni ukoo mmoja kuachwa, au herufi kukosewa.

Labda utajiuliza kwa nini ninakazania hivi wakati mtu wa kaunta anaweza kukuelewa ukimweleza. Anaweza kukuelewa, ndiyo, ila mwisho wa uamuzi si wake. Kampuni ya meli inatakiwa kupeleka orodha ya abiria kwa mamlaka ya forodha na mipaka ya Marekani angalau dakika 60 kabla ya meli kuondoka, ikiwa na majina na namba za hati. Ndiyo maana kaunta hufungwa meli ikiwa bado imesimama gatini. Mtu anayeanza kutafuta cheti kwenye simu dakika hizo amechelewa hata kama kila anachosema ni kweli.

Kwenye simu nilikusikia ukisema ofisini wamekuambia pasipoti hata haihitajiki. Wana ukweli, lakini ni ukweli wenye mipaka. Kwa raia wa Marekani, safari ya meli inayoanzia na kuishia bandari ile ile ya Marekani inaruhusu cheti cha kuzaliwa pamoja na kitambulisho cha serikali chenye picha. Aliyepata uraia kwa kuapa, kama wewe, anatumia cheti chake cha uraia mahali pa cheti cha kuzaliwa. Hapo ndipo jina la ndoa linapowatesa watu zaidi. Cheti cha kuzaliwa kina jina la utotoni, leseni ina jina la mume, na hakuna karatasi inayosema hao wawili ni mtu mmoja. Daraja kati yao ni cheti cha ndoa. Aliyeolewa, akaachika, akaolewa tena, anahitaji kuonyesha kila mabadiliko: ndoa ya kwanza, hukumu ya talaka, ndoa ya pili. Kiungo kimoja kikikosekana, jina la mwanzo halifiki kwa la mwisho.

Na cheti cha ndoa si kile cha kutundika ukutani. Nimewahi kusimama kwenye foleni ya bandarini nyuma ya bibi harusi aliyetoa cheti kizuri mno, chenye mapambo pembeni, saini ya mchungaji na za mashahidi wote. Mhudumu alikigeuza nyuma, akakirudisha mbele, akauliza kwa upole kama anacho kile cha kaunti. Hakuwa nacho. Kinachohitajika ni nakala iliyothibitishwa na ofisi ya serikali iliyosajili ndoa, mara nyingi karani wa kaunti, yenye mhuri wa ofisi hiyo. Yule dada alitolewa pembeni na mumewe akabaki ameshika mabegi mawili. Sikujua waliishia wapi, ila uso wake ninaukumbuka, na sitaki uso huo uwe wako. Agiza nakala zaidi ya moja, maana moja itakwenda na maombi ya pasipoti na nyingine utaihitaji kwingineko wakati huo huo.

Mtego huo huo uko kwenye vyeti vya kuzaliwa. Kile cha hospitali chenye alama za nyayo za mtoto hakithibitishi uraia. Kinachokubalika ni cha ofisi ya serikali ya vizazi na vifo. Leseni yenye nyota ya REAL ID, yaani iliyotimiza viwango vya serikali kuu ya Marekani, nayo isikudanganye. Tangu tarehe 7 Mei 2025 inadaiwa kwenye viwanja vya ndege vya Marekani, usipokuwa na kitambulisho kingine kinachokubalika, lakini haithibitishi uraia, kwa hiyo peke yake haikupandishi meli. Leseni zilizoboreshwa (Enhanced Driver's License) ni kitu kingine. Hutolewa na majimbo ya Michigan, Minnesota, New York, Vermont na Washington, nazo zinathibitisha uraia.

Pamoja na hayo yote, mimi ningekuona na kitabu cha pasipoti mfukoni, hata pale sheria inapokusamehe. Ukiugua Cozumel ukashushwa hospitali, meli itaendelea na safari, nawe utarudi Marekani kwa ndege. Ndege ya kimataifa haikubali cheti cha kuzaliwa, na haikubali kadi ya pasipoti pia, ile ndogo inayotolewa mbali na kitabu. Kadi ile ni ya kuvuka mipaka kwa nchi kavu na bahari tu. Halafu visiwa vingine, kama Martinique na Guadeloupe, vinadai pasipoti hata meli ikianzia na kuishia Marekani. Mnayo tayari, itumieni.

Jambo la ndege ya kwenda Miami linanikumbusha kitu. Kama umeshabadilisha leseni bila kuniambia (nakujua), usikate ndege kwa jina jipya na meli kwa jina la zamani ukidhani kila hati itajitetea mahali pake. Pasipoti inakubalika pia kwenye ndege za ndani. Ndege na meli zote ziwe kwa jina la pasipoti, uonyeshe pasipoti kote, na leseni ibaki kwenye pochi. Cheti cha ndoa kibebe hata hivyo, kwenye mkoba wa mkononi. Mabegi makubwa huchukuliwa bandarini kabla hujafika kaunta, na karatasi iliyomo humo haina msaada kwako.

Kuhusu mama, aliyesema atakuja safari ijayo: yeye ana kadi ya kijani, kwa hiyo kanuni ya cheti cha kuzaliwa haimhusu. Aje na kadi yenyewe, isiyokwisha muda, na pasipoti ya nyumbani, maana nchi mnazotia nanga zinaweza kuidai na kampuni ya meli nayo ikaidai. Kadi yake ina jina la baba yetu na pasipoti ina jina la babu, kwa hiyo cheti chao cha ndoa kianze kutafutwa sasa hivi. Hilo niachie mimi.

Wewe, leo jioni, mwombe shemeji akutumie uthibitisho wa tiketi. Piga picha ya ukurasa wa pasipoti uniletee vyote viwili, tuvisome pamoja kwenye simu. Kesho ofisi zikifunguliwa, wakala awe mtu wa kwanza kumpigia.

Dada yako